Umekamatwa na simu mkononi ukiendesha gari Uingereza: hatua za kufuata

Maswali yanayotoka kwa ndugu zetu wanaoendesha magari Uingereza ni yale yale. "Polisi wamenisimamisha nikiwa na simu, nitapelekwa mahakamani?" "Nilikuwa nimesimama kwenye taa nyekundu, hilo nalo ni kosa?" "Rafiki ameniambia nisijibu barua, itapita yenyewe." Haipiti. Mwongozo huu ni kwa ajili yako uliyekwisha kuandikiwa kosa au unayesubiri barua. Nimewafikiria hasa wanaofanya kazi ya kea (kuhudumia wazee na wagonjwa) ya kuzunguka nyumba kwa nyumba, madereva wa teksi na wanaosambaza vyakula, maana kwao simu ndiyo rota (ratiba ya zamu), ndiyo ramani, na ndiyo njia ya bosi kuwafikia.

Maelezo haya ni ya England na Wales. Scotland kosa na pointi (alama za adhabu zinazoandikwa kwenye rekodi ya leseni) ni zile zile ila taratibu za mashtaka na mahakama ni tofauti, na Ireland ya Kaskazini ina sheria yake. Kama kulitokea ajali na mtu akaumia, usitegemee mwongozo wowote: tafuta wakili leo.

Wengi huogopa pauni 200. Zinauma, lakini zinalipika. Kinachowaharibia watu maisha ni mambo mengine mawili: pointi sita kumwangukia dereva ambaye hajatimiza miaka miwili tangu afaulu mtihani, na bahasha iliyokaa mezani bila kujibiwa. Hatua nyingi hapa chini zinahusu mambo hayo mawili.

KOSA LENYEWE, KWA UFUPI

Zamani dereva aliweza kujitetea kwamba hakuwa akiongea wala kutuma ujumbe. Mwaka 2019, katika kesi ya Barreto, dereva aliyekuwa akirekodi eneo la ajali kwa simu alishinda kwa hoja kama hiyo. Tangu tarehe 25 Machi 2022 mlango huo umefungwa. Ukiwa unaendesha, simu ikiwa mkononi, matumizi yoyote ni kosa: kuwasha kioo, kutazama saa, kukata simu inayoita, kupiga picha, kubadilisha wimbo, kufungua programu. Haijalishi kama ina mtandao au haina. Kuishika mbele ya mdomo huku umeweka spika ni kosa pia, kwa sababu bado umeishika.

Na "kuendesha" ni pamoja na kusimama kwenye taa nyekundu, kukaa kwenye foleni, na gari ambalo injini yake hujizima yenyewe likisimama. Hata anayemsimamia mwanafunzi wa udereva, akiwa amekaa kiti cha abiria, haruhusiwi kushika simu.

Adhabu tangu tarehe 1 Machi 2017 ni pauni 200 na pointi 6. Ikifika mahakamani faini inaweza kupanda hadi pauni 1,000, au pauni 2,500 kwa dereva wa lori au basi. Kozi ya kukwepa pointi, kama ile wanayopewa waliozidisha mwendo, usiitegemee. Kwa simu ya mkononi kwa kawaida haitolewi.

VITU VYA KUWA NAVYO KABLA HUJAANZA

Kusanya hivi mahali pamoja, bahasha moja inatosha:

- karatasi au barua yenyewe, pamoja na bahasha iliyokuja nayo (tarehe ya muhuri wa posta inaweza kukufaa);
- leseni yako, na tarehe uliyofaulu mtihani wa vitendo wa Uingereza;
- namba ya National Insurance na postikodi iliyo kwenye leseni, ili uweze kuangalia pointi zako kwenye GOV.UK, tovuti ya serikali;
- kitabu cha gari, yaani V5C, kama gari ni lako;
- cheti cha bima, na mkataba wa kazi kama unaendesha kwa ajili ya kazi;
- maandishi yako ya siku ya tukio (angalia hatua ya 2);
- kalenda. Hesabu siku kuanzia tarehe iliyoandikwa kwenye barua, usihesabu kuanzia siku uliyoifungua.

HATUA

1. Ukisimamishwa barabarani, tulia na ujibu yanayotakiwa.

Toa jina, anwani na tarehe ya kuzaliwa, za kweli. Askari ataomba leseni, na anaweza kutaka cheti cha bima na cha MOT (ukaguzi wa gari wa kila mwaka). Kama huna karatasi hizo hapo, utapewa siku saba za kuzipeleka kituoni. Kabla ya kukuuliza kuhusu kosa atakusomea onyo kwamba si lazima useme lolote. Lichukulie kwa uzito. "Nilikuwa naangalia saa tu" unaweza kuiona ni kujitetea, kumbe umeshakiri kosa, na kamera iliyo kifuani mwake imerekodi. Usibishane, usiseme uongo. Unaweza kusema kwa adabu kwamba hupendi kueleza zaidi kwa sasa.

Angalizo: usithubutu kutoa "chai", wala kutania kuhusu kitu kidogo. Chini ya sheria ya rushwa ya mwaka 2010 kifungo kinaweza kufika miaka kumi, na kosa la pointi sita linageuka jinai ya kukurudisha nyumbani. Mkazi wa Uingereza halipi pesa mkononi mwa askari. Mgeni asiye na anwani ya kuaminika nchini anaweza kudaiwa amana papo hapo, lakini hiyo ni ya kisheria na ina risiti rasmi.

2. Siku hiyo hiyo, andika yote unayoyakumbuka.

Mahali, saa, hali ya hewa, gari lilikuwa linatembea au limesimama, simu ilikuwa wapi, askari alisimama upande gani, alisema nini, wewe ulisema nini, ndani ya gari kulikuwa na nani. Piga picha ya kishikio cha simu kama unacho (ukiwa umeegesha). Kama gari lina dashcam (kamera ya ndani ya gari), hifadhi video kabla haijafutika. Usifute chochote kwenye simu. Baada ya miezi minne hutakumbuka kama taa ilikuwa nyekundu au kijani, na hapo ndipo utakapoulizwa.

3. Tambua ni karatasi gani umepewa.

Hapa ndipo wengi wanapojichanganya, kwa sababu barua zote zina nembo ya polisi au ya mahakama na zote zinatisha. Soma kichwa cha habari, kisha tafuta muda wa kujibu.

Ukipewa karatasi mkononi yenye kichwa "Fixed Penalty Notice", una siku 28 za kulipa au kuomba kesi isikilizwe. Ukikaa kimya, faini huongezeka kwa nusu, yaani inakuwa pauni 300, na kusajiliwa kama deni la mahakama.

Ikija kwa posta ikiuliza nani alikuwa anaendesha, hiyo ni ya kifungu cha 172. Mara nyingi inatokana na kamera, au na video iliyotumwa polisi na mwendesha baiskeli au dereva mwingine. Haijakutoza chochote bado. Inataka jina tu, ndani ya siku 28.

Ikiwa na kichwa "Conditional Offer of Fixed Penalty", ni ofa ya kumaliza jambo bila mahakama: pauni 200, pointi 6, siku 28.

Ikiwa na kichwa "Single Justice Procedure Notice", umeshashtakiwa. Hakimu mmoja atasoma makaratasi bila wewe kuwepo. Una siku 21 tu.

4. Kama ni barua ya kumtaja dereva, jibu kwanza, mengine baadaye.

Mwenye gari analazimika kujibu hata kama ana hakika hakuna kosa lililofanyika. Asiyejibu hupata pointi 6 na faini inayoweza kufika pauni 1,000 kwa kosa jipya la kutojibu, ambalo huandikwa MS90, na kampuni za bima huichukia namba hiyo. Kukwepa pointi sita kwa kunyamaza ni kuzifuata kwa mlango wa nyuma.

Kama gari ni la kampuni, barua huenda kwa kampuni kwanza. Kampuni ikikutaja, utaletewa ya kwako na siku 28 zako. Tuma fomu kwa njia ya mtandao kama imeruhusiwa na uhifadhi uthibitisho. Kwa posta, omba risiti ya kutuma na upige picha kila ukurasa.

Angalizo kubwa kuliko yote katika mwongozo huu: usimtaje mtu mwingine abebe pointi zako, na usikubali kubeba za mtu, hata akiwa mumeo, dada yako au mjomba aliyekulipia nauli ya kuja. Mwaka 2013 Chris Huhne, aliyekuwa waziri katika serikali ya Uingereza, na Vicky Pryce, aliyekuwa mke wake, walihukumiwa miezi minane jela kila mmoja, kwa sababu ya pointi za mwendo kasi za mwaka 2003 ambazo mke alizichukua kwa niaba ya mume. Yalipita miaka kumi, na bado walifungwa. Kwetu kusaidiana ni jambo la heshima, lakini hili linaitwa kupotosha haki. Kwa mwenye viza, kifungo cha namna hiyo kinagusa haki yake ya kubaki nchini.

5. Hesabu pointi zako kabla hujaamua lolote.

Ingia GOV.UK, sehemu ya kuangalia taarifa za leseni, na uone ulizonazo. Kisha jiweke kwenye kundi lako.

Leseni safi, na umepita miaka miwili tangu ufaulu mtihani: utabaki na pointi 6. Zitakaa kwenye rekodi miaka minne tangu siku ya kosa, chini ya namba CU80, na zitahesabiwa kwenye jumla ya pointi kwa miaka mitatu.

Tayari una pointi 6 au zaidi ambazo bado ni hai: hizi mpya zinakufikisha 12, na 12 ndani ya miaka mitatu ni kufungiwa kuendesha kwa angalau miezi sita. Hapo hupewi ofa ya kulipa, unakwenda mahakamani. Unaweza kuomba usifungiwe kwa sababu ya dhiki ya kipekee, lakini neno "kipekee" lina uzito wake. "Nitapata shida kufika kazini" haitoshi. Mahakama inataka kuona watu wengine wasio na hatia watakavyoumia, kwa mfano mzazi mgonjwa unayempeleka hospitali na hana mwingine, na inataka vielelezo. Hapa lipa wakili kama unaweza.

Hujatimiza miaka miwili tangu ufaulu mtihani wako wa kwanza wa Uingereza: soma kwa makini, maana hili linawagusa watu wetu kuliko wengi. Leseni ya Tanzania, Kenya au Uganda inakuruhusu kuendesha Uingereza kwa miezi 12 tu tangu uwe mkazi, kisha lazima ufanye mtihani. Kwa hiyo mtu ameendesha Mombasa au Mwanza miaka ishirini, lakini machoni pa sheria ya madereva wapya ya mwaka 1995 yeye ni mgeni wa barabara. Akifikisha pointi 6 ndani ya miaka miwili, DVLA, idara ya serikali inayotoa leseni za udereva, inaifuta leseni yake. Hakuna kujieleza wala kuomba huruma, kwa sababu si uamuzi wa hakimu. Kinachotazamwa ni siku ya kosa, kwa hiyo kuchelewesha malipo hadi miaka miwili itimie hakusaidii.

Bado unatumia leseni ya nyumbani ndani ya miezi 12: DVLA hukufungulia rekodi na pointi huwekwa hapo. Siku utakapofaulu mtihani wa Uingereza zikiwa bado hai, unaanza ukiwa nazo.

6. Amua: kukubali au kupinga.

Sababu zinazosimama ni chache. Hukuwa dereva. Kilichokuwa mkononi hakikuwa simu wala kifaa cha aina hiyo. Ulikuwa umeegesha mahali salama. Ulikuwa ukipiga 999 au 112 kwa dharura ya kweli na haikuwa salama au haikuwezekana kusimama. Ulikuwa umesimama unalipia kwa simu kwenye dirisha la mgahawa au kizuizi cha barabara ya kulipia. Au simu ilikuwa kwenye kishikio na hukuishika kabisa.

Hii ya mwisho inahitaji neno zaidi, kwa sababu kishikio ndicho kinga ya watu wa kea na teksi. Simu iliyo kwenye kishikio, isiyokuzuia kuona barabara, inaruhusiwa kwa ramani na kwa kuongea bila kushika. Lakini askari akikuona umezama kwenye kioo, ukibofya na kusoma rota huku gari linatembea, anaweza kukushtaki kwa kutolimudu gari ipasavyo: pauni 100 na pointi 3. Ni kosa lingine, dogo zaidi. Kama simu ilikuwa kwenye kishikio na umeandikiwa la mkononi, hapo una jambo la kusema, na picha za hatua ya 2 zitakusaidia.

Zisizosimama: taa ilikuwa nyekundu, nilikuwa kwenye foleni, nilitazama ramani, ilikuwa sekunde mbili, simu haikuwa na salio, ofisi ndiyo iliyonipigia. Kumbukumbu za simu kutoka kampuni ya mtandao, zinazoonyesha hukupiga wala kupokea, zilikuwa na nguvu zaidi kabla ya 2022. Siku hizi hazithibitishi kwamba hukuwasha kioo.

Unaweza kuwaandikia polisi kuomba picha au video kabla ya kuamua. Wengine hutuma, wengine hungoja hadi ukane kosa. Saa ya siku 28 haisimami wakati unasubiri jibu lao.

Fahamu pia kwamba kwenda mahakamani hakupunguzi pointi. Ukipatikana na hatia ni 6 vilevile, au ufungiwe. Kuna wanaoshauri dereva mpya aende mahakamani aombe kufungiwa kwa muda mfupi badala ya pointi, ili leseni isifutwe. Mwongozo wa hukumu kwa mahakimu unasema kwa kawaida hilo halifai, kwa sababu ni kukwepa lengo la sheria. Anayekuuzia njia hiyo kama jambo la uhakika anakudanganya.

7. Ukikubali, lipa na kamilisha taarifa za leseni.

Haya ni mambo mawili, na watu hufanya moja. Lipa kupitia anwani iliyo kwenye barua yenyewe, kisha wasilisha taarifa za leseni kama barua inavyoelekeza. Malipo bila taarifa za leseni hayajakamilika, na jambo linaweza kupelekwa mahakamani huku ukidhani limeisha. Hifadhi risiti. Wiki chache baadaye angalia GOV.UK uone kama pointi zimeingia, zikiingia, limekwisha.

8. Ukishtakiwa, jibu notisi ya hakimu mmoja ndani ya siku 21.

Una njia tatu: kukiri na kutohudhuria, kukiri na kuomba kuhudhuria, au kukana. Ukikiri mapema faini hupunguzwa theluthi moja. Faini huanzia takriban nusu ya kipato chako cha wiki, huongezwa tozo ya waathirika ambayo ni asilimia 40 ya faini, na gharama za mashtaka. Ndiyo maana fomu ya kipato ni lazima ujaze kwa ukweli. Usipojaza, mahakama itakadiria yenyewe, na makadirio hayo huwaumiza wenye mishahara midogo.

Sehemu ya maelezo, andika kwa ufupi: nini kilitokea, hali yako ya familia, kazi inayotegemea leseni. Usikiri kwenye kisanduku halafu ukakana kwenye maelezo, kwa mfano "nakiri lakini simu haikuwa mkononi". Jibu la namna hiyo hurudishwa.

Ukikana, kesi itasikilizwa katika mahakama ya mahakimu, askari atatoa ushahidi, na ukishindwa gharama huenda zikafika mamia ya pauni. Msaada wa kisheria wa serikali kwa kosa hili kwa kawaida haupatikani. Waulize Citizens Advice (shirika la kutoa ushauri bure), chama chako cha wafanyakazi, na soma mkataba wa bima ya gari: baadhi zina kipengele cha kulipia wakili. Mkalimani wa Kiswahili ni haki yako na ni bure. Andika kwenye fomu mapema, usisubiri siku ya kesi. Usimchukue mtoto wako akutafsirie.

9. Toa taarifa panapotakiwa.

Bima: wakikuuliza, waambie, kwa miaka mitano. Ukificha na ajali ikatokea, wanaweza kukataa kulipa.

Mwajiri: soma mkataba. Kampuni nyingi za kea hutaka kujua mara moja.

Madereva wa teksi lazima waijulishe mamlaka iliyowapa leseni, TfL (mamlaka ya usafiri) kwa London au halmashauri kwingineko, ndani ya muda ulioandikwa kwenye masharti ya leseni. Madereva wa lori na basi wanaweza kuitwa na Traffic Commissioner (msimamizi wa leseni za lori na basi), na leseni ya kazi kusimamishwa hata kama ile ya kawaida haijaguswa.

Viza na uraia: faini uliyolipa kwa ofa si hukumu ya mahakama. Uamuzi wa hakimu ni hukumu, hata kama uliamuliwa kwa makaratasi bila wewe kufika. Hiyo ni sababu moja ya kutoiacha ofa ipite kwa uzembe. Fomu ikiuliza, soma swali lilivyoandikwa na ujibu ukweli; katika mambo ya uhamiaji, kuficha huumiza kuliko kosa lenyewe.

Na jambo ambalo wafanyakazi hawaambiwi: mwajiri anayesababisha au kuruhusu dereva atumie simu mkononi anatenda kosa naye. Mwandikie mratibu wako, kwa barua pepe, kwamba ukiwa barabarani hutapokea simu na utampigia ukishaegesha. Nakala itunze.

MAMBO YAKIENDA MRAMA

Barua imefika baada ya siku 14, je, imekufa? Hapana. Kanuni ya siku 14 unayoisikia ni ya mwendo kasi, taa na makosa mengine yaliyoorodheshwa. Kosa la simu halimo. Kipimo chake ni miezi sita tangu siku ya kosa hadi mashtaka kufunguliwa.

Nimehama, barua zilienda nyumba ya zamani, sasa wanaokusanya madeni ya mahakama wamegonga mlango. Hili huwapata wanaopanga vyumba na kuhama mara kwa mara. Kama hukujua kabisa kuhusu kesi, unaweza kula kiapo mbele ya mahakama au wakili kwamba hukupata habari, ndani ya siku 21 tangu ulipojua, na hukumu itafutwa ili uanze upya. Piga simu mahakamani siku hiyo hiyo. Kiapo cha uongo ni kosa lingine, kwa hiyo kama bahasha uliiona ukaiacha, njia hii si yako. Badili anwani kwenye leseni na kwenye V5C, zote mbili. Ni bure, na kutobadili kunaweza kukutoza hadi pauni 1,000.

Nilikuwa nyumbani Afrika wakati barua zinakuja. Jibu siku unaporudi, eleza, na weka nakala za tiketi na mihuri ya pasipoti. Kama kweli haikuwezekana kujibu kwa wakati, huo ni utetezi kwa barua ya kifungu cha 172.

Nimelipa, lakini nimeletewa notisi ya hakimu mmoja. Mara nyingi ni zile taarifa za leseni. Wapigie walioandika barua, tuma risiti, lakini ijibu pia notisi ndani ya siku 21. Usiache kwa kudhani wameelewana wao kwa wao.

Faini ya mahakama siwezi kulipa yote. Omba kulipa kidogo kidogo kabla ya tarehe ya mwisho. Wakikubali, usiruke hata awamu moja bila kuwaambia. Ukinyamaza, watakata mshahara au watatuma madalali.

Nimepata ujumbe wa simu unaosema nilipe faini kupitia kiungo. Usibonyeze. Faini hii huja kwa karatasi, mkononi au kwa posta. Tafuta namba ya kituo kwenye tovuti rasmi ya polisi wa eneo hilo na uulize.

Leseni imefutwa kwa sababu ya miaka miwili. Kuanzia tarehe iliyo kwenye barua ya DVLA usiendeshe hata mtaa mmoja, kwa sababu utakuwa huna leseni na huenda huna bima. Lakini hujafungiwa, kwa hiyo huna muda wa kusubiri: omba leseni ya kujifunzia siku hiyo hiyo. Ukishaipata unaweza kuendesha ukiwa na alama za L, bima ya mwanafunzi, na msimamizi wa miaka 21 au zaidi aliye na leseni kwa angalau miaka mitatu. Utafanya upya mtihani wa nadharia na wa vitendo. Foleni ya mtihani wa vitendo ni ndefu sehemu nyingi, kwa hiyo weka nafasi ya nadharia mara leseni ya kujifunzia inapofika, na mwambie mwajiri mapema akupangie zamu za nyumba moja au za kutembea kwa miguu. Ukifaulu, pointi sita zinabaki kwenye rekodi hadi muda wake uishe, lakini kile kipindi cha miaka miwili cha dereva mpya hakianzi tena.